Riwaya ya wapiga mbizi wa Broome, mwaka 1910: sura tatu zinahitaji macho makali

Kalamu_Nyevu

Habari zenu wakuu. Naandika riwaya ya kihistoria inayotokea Broome, pwani ya kaskazini-magharibi ya Australia, mwaka 1910, mji ule ulipokuwa kitovu cha uvuvi wa chaza wa lulu duniani. Mhusika mkuu ni mpiga mbizi Mjapani kutoka mkoa wa Wakayama. Wa pili ni binti wa Kiyawuru, wenyeji asilia wa pale, anayefua nguo katika nyumba ya Mzungu mwenye mashua. Nataka mtu aliyesoma habari za mji ule afike ukurasa wa mwisho bila kukwama popote.

Sura tatu sina imani nazo.

Sura ya 2: ni Januari, bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Mhusika anazama pima ishirini (mita 36 hivi), anaona chaza mkubwa, anamfungua kwa kisu palepale chini, anakuta lulu kubwa kama gololi na kuificha ndani ya glavu.

Sura ya 5: mwenzake anapandishwa haraka baada ya mpira wa hewa kunasa. Anafika juu mzima, anacheka, anakula wali, na baada ya saa moja hivi miguu inakufa ganzi. Inaaminika? Na mwaka 1910 wangemfanyia nini?

Sura ya 7: yeye na binti wanakutana usiku kando ya kijito ambako mashua hupwelewa. Kisha anamwuzia lulu mnunuzi wa magendo. Sijui bei ilipangwaje, na sipendi kutaja pauni kwa kukisia.

Nyongeza: ndani ya ile kofia ya shaba mtu husikia nini, huona nini? Waliobaki juu wanafanya kazi gani? Na kwenye mashua kinasemwa Kiingereza au nini?

Pima_Ishirini

Mkuu, sura ya 5 wengine watakuongezea. Mimi naishika sura ya 2, kwa sababu inavuja mahali panne.

Kwanza mwezi. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi kazi ilisimama, maana huo ni msimu wa vimbunga. Mashua ziliingizwa kwenye mikoko ya kijito cha Dampier, maji yakipwa zikalala ubavu kwenye matope, mafundi wakakwangua makombe, wakakalafati mbao na kupaka rangi. Kuna kazi moja ya msimu huo ambayo msomaji wako hataisahau: mashua ilizamishwa makusudi, maji yakaifunika, ili mende na panya waliojazana ngamani, chini kabisa ya mashua, wafe. Ukitaka Januari, Januari ndiyo hiyo. Mbizi ihamishie Mei au Juni.

Pili maji. Pale Broome tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inakaribia mita 10. Mkondo unakuwa mkali, tope linatibuka, chini hakuonekani kitu. Mbizi ilipigwa maji mafu, mkondo unapolegea na maji kutulia. Bamvua ikifika, mashua zilikwenda kutafuta kuni na maji ya kunywa, watu wakashona matanga na nyavu. Basi panga matukio ya riwaya nzima kwa mwandamo wa mwezi: hatari ya baharini iwe siku za maji mafu, na ugomvi, barua na magendo viwe siku za bamvua, watu wakiwa mikono mitupu.

Tatu, chaza hafunguliwi chini ya maji. Chaza wa Broome, Pinctada maxima, anaweza kufika sentimita 30 kwa upana, na biashara yenyewe ilikuwa ganda lake: vifungo vya nguo, mipini ya visu, chanuo, mapambo. Maganda yalipakiwa masandukuni yakauzwa London. Lulu ilikuwa bahati inayokuja juu ya maganda. Maelfu ya chaza wanaweza kufunguliwa bila kupatikana lulu ya maana. Malipo ya mpiga mbizi yalitegemea uzito wa maganda aliyopandisha, kwa hiyo kila dakika anayopoteza kuchokonoa chaza mmoja anajikata mwenyewe. Anaokota, anatia kwenye mfuko wa wavu, ukijaa anatikisa kamba, unapandishwa, mwingine unashushwa. Riwaya nyingi za lulu zinasahau ganda, na hapo ndipo zinapokuwa hadithi za hazina badala ya hadithi za kazi.

Nne, glavu haipo. Mikono ilikuwa wazi, na ncha ya mkono wa vazi ni mpira mgumu unaobana kifundo maji yasipenye. Mtu hulowesha mikono kwa maji ya sabuni ndipo ipite. Huwezi kuficha punje ya mchele hapo.

Sasa namna ya kumvisha, maana ukiandika vizuri hutahitaji kueleza vazi tena. Anaanza na nguo za sufi, tabaka juu ya tabaka, hata jua likiwaka, kwa sababu chini kuna baridi na mgandamizo hubana vazi mwilini mpaka mikunjo yake inachubua. Vazi ni kipande kimoja cha kitambaa kilichowekwa mpira katikati, linaingiwa shingoni. Juu ya mabega huwekwa bamba la shaba, kola ya mpira inapitishwa kwenye skrubu zake 12, vipande vya shaba vinalazwa juu, nati zinakazwa. Nati moja ikilegea maji yanaingia kifuani polepole, na mtu hugundua akiwa ameshafika chini. Halafu buti zenye soli za risasi, kilo 8 hivi kila kimoja, na mizigo miwili ya risasi, kifuani na mgongoni, kama kilo 18 kila mmoja. Kofia inawekwa, inazungushwa sehemu ndogo tu ya duara, inajifunga. Kwa jumla mzigo unakaribia kilo 80, ndiyo maana anavishwa pale pale kwenye ngazi.

Kioo cha mbele hufungwa mwisho kabisa, na hakifungwi kabla pampu haijaanza kusukuma. Shika hilo kwa ajili ya mazungumzo yako. Neno la mwisho kati ya watu wawili linasemwa kabla ya kioo. Baada ya hapo ni kamba tu.

Ndani anasikia pampu: kila msukumo ni pumzi moja inayovuma nyuma ya kichwa, na hewa inayotoka kwenye vali ya kofia ikibubujika karibu na sikio. Wasukumaji wakichoka, yeye ndiye wa kwanza kujua. Anachokiona kinategemea siku, ila rangi nyekundu hupotea mapema. Damu ya kidole kilichokatwa na ganda, kwenye kina hicho, inaonekana nyeusi au ya kijani. Chaza mwenyewe hang'ai. Amefunikwa na sponji na magugu, ni kama jiwe lolote. Kinachomfichua ni ufa mwembamba wa mdomo ulioachama, na kivuli cha mtu kikipita, ufa unajifunga. Jicho la mpiga mbizi hodari hukamata ule ufa kabla haujatoweka.

Na usiitie mashua nanga. Hizo ziliitwa laga, mashua za milingoti miwili, urefu wake kama mita 15. Wakati wa mbizi zilichukuliwa polepole na mkondo, na mtu wa chini alitembea ameinama akiifuata. Akikutana na mwamba lazima aupande au auzunguke, huku juu wakiendelea kusogea.

Aliye juu mwenye maana kuliko wote ni mshika kamba. Ana vitu viwili mkononi: kamba ya uhai na mpira wa hewa. Akilegeza kupita kiasi, mpira unatanda chini na kuzunguka matumbawe. Akikaza kupita kiasi, anamng'oa mwenzake miguu. Wawili wanazungusha magurudumu ya pampu, na kadiri mtu anavyozama ndivyo magurudumu yanavyokuwa mazito. Yuko mpishi, yuko mfungua chaza, ambaye mara nyingi alikuwa Mzungu wa mwenye mali. Lakini kwenye mambo ya bahari, wapi pa kutafuta na lini pa kuondoka, sauti iliyosikika ilikuwa ya mpiga mbizi mkuu. Kama riwaya yako inatafuta moyo wake, uko kati ya huyo na mshika kamba.

Shinikizo

Sura ya 5 inaaminika kabisa, na ule mlo wa wali ndio unaoifanya iaminike. Usiufute.

Sababu yake ni hii. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo mmoja sawa na ule wa hewa tunayoishi ndani yake. Pima 20 ni mita 36 na ushei, kwa hiyo mtu anavuta hewa yenye mgandamizo mara 4.6 hivi ya kawaida. Nitrojeni ya hewa hiyo inayeyuka kwenye damu na mafuta ya mwili, na kadiri anavyokaa ndivyo inavyozidi. Akipanda polepole hutoka kwa mapafu. Akipandishwa haraka, hugeuka viputo hukohuko mwilini. Viputo vya viungoni huleta maumivu ya bega na goti, vya uti wa mgongo huua miguu. Dalili nyingi hutokea ndani ya saa moja, nyingine huchelewa saa kadhaa. Kwa hiyo kucheka kwake ni sahihi. Anza na mwasho wa ngozi, au nyayo kama zimekanyaga pamba, ndipo asimame kwenda kumwaga sahani yake na goti limkatae.

Ongeza kitu ambacho waandishi hukiogopa: hawezi kukojoa. Uti wa mgongo ukidhurika kibofu nacho hufunga, na wengi waliopooza hawakufa siku ile. Walikufa wiki au miezi baadaye kwa maambukizo ya kibofu na vidonda vya kulalia. Kama unataka kifo kisichofanana na cha sinema, kiko hapo, kwenye kitanda, na harufu yake.

Mwaka 1910 elimu ya kuzuia ilikuwepo. Mwaka 1908 mwanasayansi J. S. Haldane na wenzake Boycott na Damant walichapisha kanuni ya kupanda kwa vituo: mtu anaweza kupandishwa mara moja mpaka nusu ya mgandamizo kamili aliokuwa nao, kisha asimame. Kwa pima 20, nusu ya 4.6 ni 2.3, yaani kituo cha kwanza ni kama mita 13 chini ya uso wa maji, halafu vinafuata vituo vifupi vifupi mpaka juu. Ila kusimama majini dakika nyingi bila kuokota kitu, kwa mtu anayelipwa kwa uzito wa maganda na aliyekwisha kuzama mara kadhaa siku hiyo, ni kanuni iliyopingana na mfuko wake. Usimfanye mjinga asiyejua hatari. Anaijua, na anaipima dhidi ya tani za maganda.

Tiba ya mashuani ilikuwa kumrudisha chini. Anavishwa tena, anashushwa, anapandishwa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ikifanywa mapema, ganzi inaweza kuisha. Vikwazo vyake ndivyo vitakavyokupa sura nzima: kumvisha mtu ambaye miguu yake imekuwa kama magunia ni kazi ya watu watatu au wanne, jua linazama, mkondo unaanza kukaza, wasukuma pampu wamechoka tangu alfajiri na sasa wanaombwa kusukuma usiku kucha. Chumba cha chuma cha kumtia mgonjwa mgandamizo kilifika Broome baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kutoka kwa kampuni ya Heinke ya London iliyotengeneza mavazi ya mbizi. Usikitumie 1910.

Kuhusu chanzo. Mpira kunasa ni sawa. Kupasuka kwa mpira ni jambo lingine kabisa: kama kofia haina vali inayozuia hewa kurudi nyuma, au vali imeoza, hewa inakimbilia juu na uzito wa bahari unaukandamiza mwili kuelekea ndani ya kofia. Hapo hakuna mlo wa wali. Njia ya tatu ni vazi kujaa hewa miguuni: mtu anageuka kichwa chini, hawezi kuifikia vizuri vali yake, na anafyatuka mpaka juu kama boya. Tofauti kwa mwandishi ni lawama. Kwenye kufyatuka hakuna aliyekosea. Kwenye kupandishwa haraka yuko mtu aliyevuta kamba, na atakula wali sahani moja na yule aliyemvuta.

Jingine: mabaharia wa Broome walikufa pia kwa beriberi, kwa kula mchele mweupe uliokobolewa siku nenda siku rudi. Nayo huleta ganzi miguuni. Tofauti ni kwamba beriberi hujenga kwa majuma, na mara nyingi miguu huvimba kwanza. Mtu wa pampu mwenye beriberi aliyechelewa kutambuliwa anaweza kuwa ndiye anayesukuma hewa siku ya ajali.

Maktaba_ya_Chumvi

Sura ya 7 ina hazina ambayo hujaigusa. Sheria ya Waaborijini ya Australia Magharibi ya mwaka 1905 iliweka kosa la jinai kwa mwanamke mwenyeji kuonekana, kati ya machweo na macheo, ndani ya maili 2 kutoka kijito au ghuba inayotumiwa na mashua za wavuvi wa lulu. Maili 2 ni kilomita 3.2. Kwa hiyo binti yako havunji sheria kwa kukutana na mtu. Anaivunja kwa kusimama pale, kwenye ardhi ya mababu zake, jua likiwa limezama. Andika sura hiyo machweo yakikaribia, yeye akiangalia kivuli cha mikoko.

Bibi yake naye ana historia. Kabla ya mavazi ya mbizi kuenea miaka ya 1880, Wazungu waliwazamisha wenyeji uchi, kwa pumzi zao, kwanza upande wa Cossack na Nickol Bay miaka ya 1860, kisha wakisogea kaskazini. Watu walitekwa bara na kupelekwa pwani. Wanawake walizamishwa pia, hata wajawazito. Mwaka 1871 koloni lilipitisha sheria ya kuwaajiri wenyeji kwenye uvuvi huo iliyokataza kuwatumia wanawake. Ipime ilivyo: sheria haikatazi jambo lisilotendeka. Binti wa miaka 18 mwaka 1910 ana bibi wa kizazi hichohicho. Si lazima bibi aeleze chochote. Inatosha asikanyage maji.

Kwa Mjapani wako: Sheria ya Kuzuia Uhamiaji ya mwaka 1901, msingi wa ile siasa ya Australia ya Weupe, iliwafungia Waasia mlango kwa mtihani wa imla katika lugha ya Ulaya. Uvuvi wa lulu ulipewa msamaha kwa sababu bila watu hao usingekuwepo. Wakaingia kwa mkataba na dhamana ya mwajiri, na mkataba ukiisha wanarudishwa kwao. Hawezi kuahidi ndoa na nyumba Broome, na binti anajua hilo. Wapo Wajapani waliomiliki mashua kwa siri chini ya jina la Mzungu, na mpango wa namna hiyo unaweza kuwa ndiyo sababu ya yeye kuhitaji fedha za lulu. Ni sababu nzito kuliko tamaa.

Mji wenyewe ulitangazwa mwaka 1883. Kufikia miaka hiyo ya 1910 ulikuwa na mashua karibu 400 na zaidi ya watu 3,000: Wajapani, Wamalay, watu wa Kupang huko Timor, Wafilipino, Wachina wenye maduka na karakana, na Wazungu wachache waliovaa nguo nyeupe. Waya wa simu ya maandishi kutoka Java ulikuwa umefika tangu 1889, hivyo bei ya London ilijulikana haraka. Meli ya abiria Koombana ilianza safari za pwani ile mwaka 1909, ikapotea na watu wake wote Machi 1912, kwa hiyo mwaka wako unaweza kuileta na barua. Jumba la sinema la Sun Pictures lilifunguliwa 1916, usilitaje. Kundi la wapiga mbizi Waingereza walioletwa kuchukua nafasi ya Waasia lilifika 1912 na mpango ukashindwa, nalo liko nje ya hadithi.

Ila kuna jambo la mwaka 1910 usilopaswa kuliruka. Tarehe 19 Novemba kimbunga kiliipiga Broome na kuua watu takriban 40. Miaka miwili nyuma, 1908, vimbunga viwili vilikuwa vimepita kwenye kundi la mashua, Aprili na Desemba. Makaburi ya Wajapani pale yana mawe 707 kwa watu 919, na kuna mnara wa mawe wa waliozama 1908. Riwaya inayoanza Mei 1910 na isiyofika Novemba 19 itamshangaza kila anayeujua mji ule.

Punje_Nne

Gololi yako ni kubwa mno. Twende kwa hesabu.

Lulu ilipimwa kwa punje, na punje 4 ni karati 1, yaani punje moja ni takriban gramu 0.05. Bei haikuzidishwa kwa uzito, ilizidishwa kwa uzito mara uzito. Mnunuzi anaangalia umbo, rangi na mng'ao, anaamua bei ya msingi, kisha anazidisha kwa mraba wa punje. Chukua msingi wa shilingi 2, kwa mfano tu. Lulu ya punje 10: 10 mara 10 mara 2, shilingi 200, yaani pauni 10. Ya punje 20 si pauni 20, ni 20 mara 20 mara 2, shilingi 800, pauni 40. Uzito mara mbili, bei mara nne.

Lulu ya duara yenye kipenyo cha milimita 15 ina kama gramu 4.8, punje 95. Kwa msingi uleule mdogo ni zaidi ya pauni 900. Kitu kama hicho hakiuzwi gizani. Mnunuzi wa magendo hana fedha hizo mfukoni, na akiwa nazo hathubutu, maana kila mfanyabiashara mpaka London atauliza imetoka mashua gani. Mpe mhusika lulu ya milimita 9. Hiyo ni punje 20 na kidogo. Inafichika chini ya ulimi, ina thamani ya kumtamanisha mtu, na aliyeiba atapata sehemu tu ya zile pauni 40, kwa kuwa mnunuzi anajua hana pengine pa kwenda.

Sasa iibwe wapi, kama si chini ya maji? Juu ya sitaha. Mfungua chaza anapitisha kisu kifupi, anakata msuli unaofunga maganda mawili, kisha anapapasa nyama kwa vidole gumba, hasa ule ukingo laini unaozunguka, kwa sababu lulu huteleza na kujificha kwenye mikunjo. Msuli ulianikwa ukauzwa kama chakula. Lulu iliyopatikana ilitumbukizwa kwenye kisanduku chenye kufuli na tundu linaloingiza lakini halitoi. Mwizi basi lazima atangulie kisu. Chaza aliyeachwa juani huachama mwenyewe, mtu anachomeka kijiti mdomoni asijifunge, anachungulia, anavuta kwa waya, anachomoa kijiti. Ishara iliyobaki ni mkwaruzo mdogo kwenye ukingo wa ganda. Mfungua chaza mzoefu atauona, na hapo una kitendawili cha kubeba sura nne.

Kabla ya kuuzwa, lulu yenye doa ilipelekwa kwa fundi wa kumenya. Broome aliyejulikana kwa kazi hiyo ni T. B. Ellies, mtu wa Ceylon (Sri Lanka ya leo). Lulu ni tabaka juu ya tabaka, na fundi huondoa tabaka la juu kwa kisu kidogo akitumaini la chini ni safi. Hesabu ya hofu yake ni hii: lulu ya punje 20 ikimenywa ikabaki 18, mraba unashuka kutoka 400 hadi 324. Kama doa limebaki palepale na msingi ni shilingi 2, pauni 40 zimekuwa 32 na ushei. Kama doa limeondoka na msingi ukapanda shilingi 5, ni shilingi 1,620, pauni 81. Tabaka moja, na hakuna kulirudisha. Sijui kwa nini waandishi huikwepa meza hii. Mtu amekaa, taa iko karibu, vidole havitikisiki, na mwenye lulu amesimama mlangoni.

Kuhusu mnunuzi wa magendo, kumbuka mwaka 1905 mfanyabiashara wa lulu Mark Liebglid aliuawa Broome katika njama ya kumwuzia lulu, na watu watatu walinyongwa gereza la Fremantle mwezi Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1910 hilo ni jambo la juzi. Hakuna mnunuzi atakayekubali kwenda peke yake usiku kijitoni. Sura ya 7 ifanyie nyuma ya duka, mchana, watu wakipita nje.

Tezi_na_Omo

Kwenye lugha: mashuani hakikusemwa Kiingereza safi. Mchanganyiko uliojengwa juu ya Kimalay, pamoja na maneno ya Kijapani na Kiingereza, ndio uliowaunganisha. Sentensi fupi, amri nyingi. Usijaribu kuuiga kwa Kiswahili kibovu, utawafanya watu wazima waonekane watoto. Wape sentensi fupi zilizo kamili, kisha wakiwa na watu wa lugha yao waache waongee kwa urefu. Msomaji ataisikia tofauti bila kuambiwa.

Kiswahili kina msamiati wa bahari tayari, utumie bila woga: pima, bamvua, maji mafu, ngama, omo, tezi, kupwelewa, kukalafati. Lakini ogopa kaskazi na kusi. Maneno hayo yanabeba pwani yetu nzima, na msomaji atajikuta kwenye jahazi la tanga la pembetatu. Sema upepo wa kusini-mashariki kwa miezi mikavu, na upepo wa magharibi wenye mvua kwa msimu wa vimbunga. Vilevile Juni kule ndiyo miezi ya baridi, usiku mtu anajifunika.

Kalamu_Nyevu

Nimevunja sura ya 2 yote. Sasa ni Mei, maji mafu, na lulu inaibwa juani na mtu wa pampu. Yamebaki mawili. Ishara za kamba zilikuwaje hasa, mvuto mmoja maana yake nini? Na pampu ikisimama ghafla, mtu wa chini ana muda gani?

Pima_Ishirini

Ishara zilikuwa makubaliano ya wawili wale, mpiga mbizi na mshika kamba. Tunga zako, nne zinatosha: nilegezee, nipandishe, mfuko umejaa, hatari. Zifundishe katika sura ya 2 siku ambayo hakuna baya lolote, mara mbili tatu, mpaka msomaji aijue mivuto kwa mwili. Ndipo sura ya 5 uandike mivuto mitupu bila tafsiri.

Pampu ikisimama, kitu cha kwanza ni kimya. Ile pumzi ya nyuma ya kichwa haiji. Kofia na vazi vina hewa ya dakika chache, ila ni hewa aliyokwisha kuivuta, kwa hiyo kichwa kinaanza kugonga na anahema haraka kabla hewa yenyewe haijaisha. Anachopaswa kufanya ni kukaza vali ya kutolea ili asipoteze iliyomo, kusimama tuli, na kutikisa kamba. Kosa la kawaida ni kukimbilia upande wa mashua: anatumia hewa zaidi, na mpira unajilegeza mbele yake na kumzunguka miguu.

Juu, mshika kamba anaona magurudumu yamesimama na ana uamuzi mmoja. Akivuta sasa, anampandisha kutoka mita 36 bila kituo. Asipovuta, anasubiri fundi achomoe ngozi ya pistoni iliyochanika, ailoweshe mafuta, airudishe. Mwandike akihesabu kwa sauti, kwa Kijapani, mkono mmoja ukiwa kwenye kamba.